USB: kichwa cha waya hakisemi kasi yake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba waya wenye kichwa cha USB-C lazima uwe na kasi kuliko ule wa zamani wenye kichwa cha mstatili. Ukweli ni kwamba USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, ni jina la umbo la kiungio chenye pini 24, wala si jina la kasi. Nyuma ya kichwa hicho mtengenezaji anaweza kupitisha nyuzi chache tu za USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000 kinachoishia megabiti 480 kwa sekunde, na ndivyo zilivyo nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na simu. Megabiti 480 ni megabaiti 60 tu, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, na katika kazi halisi kasi huwa pungufu ya hapo. Hata iPhone 15 ya kawaida, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na tundu la USB-C, haivuki kiwango hicho. Anayeunganisha diski ya nje kwa waya wa kuchajia simu, kisha akalalamika kwamba diski ni mbovu, huenda anaionea.

Wengine huamini kwamba namba kubwa kwenye boksi ndiyo kasi kubwa, na hapa lawama si ya mnunuzi. USB 3.0 ilipotoka mwaka 2008 ilikuwa na kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Toleo la 3.1 lilipokuja mwaka 2013 na gigabiti 10, ile ya kwanza ikabatizwa upya kuwa 3.1 Gen 1. Baada ya 3.2 ya mwaka 2017, yenye gigabiti 20, ile ile ya 2008 ikabadilishwa jina tena na kuwa 3.2 Gen 1. Kwa hiyo kifaa kipya kilichoandikwa 3.2 kinaweza kisizidi hata kidogo kile cha 2008. Kinachofaa kusomwa ni idadi ya gigabiti.

Rangi ya buluu ndani ya tundu, inayochukuliwa kuwa alama ya USB 3.0, nayo ni pendekezo, si sharti. Ni afadhali kuchungulia: tundu la mstatili la USB 2.0 lina pini nne, na la USB 3.0 huongezewa safu ya pili ya pini tano.

Ipo pia hofu kwamba chaja ya wati nyingi huunguza simu. Chaja inayofuata utaratibu wa kuchaji uitwao USB Power Delivery huanza na volti 5, na haipandishi mpaka ikubaliane na kifaa, ambacho ndicho huamua kivute umeme kiasi gani. Anayesahaulika katika mazungumzo hayo ni waya wenyewe, kwani ili upitishe zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu ya kuutambulisha. Bila chipu hiyo, chaja ya wati 100 huishia wati 60, hata kompyuta ikiomba zaidi.