Fainali ya 1953: mabao matatu yalikuwa ya Mortensen
Wengi huamini winga Stanley Matthews ndiye aliyeifungia Blackpool mabao ya kutwaa Kombe la FA mwaka 1953. Si kweli, siku ile Matthews hakufunga hata moja. Wapinzani wao, Bolton, walikuwa mbele 3-1 pale Wembley, na aliyesawazisha ni mshambuliaji wa kati, Stan Mortensen. Alipiga hat-triki, bao la tatu likiwa frii-kiki kali iliyokwenda moja kwa moja wavuni, muda ukiwa umeyoyoma. Matthews aliwasumbua mno mabeki upande wa kulia, na pasi yake ndiyo aliyoimalizia Bill Perry dakika za majeruhi, 4-3. Hiyo ni sifa yake halali. Ila kuiita mechi hiyo "Fainali ya Matthews", kama inavyojulikana, ni kumdhulumu Mortensen, aliyeifungia England mabao 23 katika mechi 25.