Kwa nini toleo jipya la programu ya wavuti huchelewa kumfikia mtumiaji

Hitilafu imesharekebishwa, faili mpya ziko kwenye seva, lakini mtumiaji bado analalamikia kasoro ile ile. Mara nyingi seva haina kosa, kwa sababu kivinjari hakikuiuliza chochote, bali kilitumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kache yake, yaani hifadhi ya muda ya faili kilizowahi kupakua. Kumwagiza mtumiaji afute kache ni kumtwika kazi isiyo yake.

Muda wa kutumia nakala hupangwa na seva kupitia kichwa cha jibu (maelezo yanayotangulia faili yenyewe) kiitwacho Cache-Control. Seva isipousema, kivinjari hukadiria chenyewe: kanuni ya kache za wavuti iitwayo RFC 9111, ya mwaka 2022, inaruhusu makadirio hayo, na kiwango inachokitaja kuwa cha kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili ibadilishwe. Faili ambayo haijaguswa kwa siku 100 inaweza basi kutumika siku 10 nyingine bila seva kuulizwa.

Dawa ya uhakika ni kubadilisha jina la faili kila yaliyomo yanapobadilika. Zana za kufungasha msimbo kama Vite na Webpack huweza kuongeza kwenye jina alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, hivyo kwa kivinjari msimbo mpya ni faili ambayo hakijawahi kuiona. Faili za aina hiyo zinaweza kuhifadhiwa kwa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, bila hofu. Ukurasa wa HTML unaozitaja ndio usioruhusiwa kutumika bila seva kuulizwa, nao hupewa agizo la no-cache. Jina hilo limewapotosha wengi: halikatazi kuhifadhi (kazi hiyo ni ya no-store), bali hulazimisha kivinjari kuihoji seva kabla ya kutumia nakala. Kama hakuna kilichobadilika, seva iliyotambua alama ya ETag (kitambulisho cha toleo la ukurasa) hujibu kwa namba 304, yaani “haijabadilika”, bila kutuma ukurasa upya, na gharama yake ni ndogo.

Faili za toleo lililopita zisifutwe siku hiyo hiyo, kwani aliyeacha ukurasa wazi tangu jana bado anaweza kuzihitaji. Ukurasa huo pia hautajisasisha wenyewe. Ni vema programu ikague toleo mara kwa mara na kumwarifu mtumiaji, kisha imwachie aupakie upya anapokuwa tayari, maana kumlazimisha katikati ya fomu ndefu kunaweza kupoteza yote aliyoyajaza.