Pera Jeupe au la Waridi? Tofauti Zilizomo Ndani ya Tunda Moja

Sisi wataalamu wa lishe huulizwa mara nyingi kati ya embe na papai lipi bora, au kati ya ndizi na nanasi. Ni nadra kuulizwa swali ambalo kwangu lina uzito zaidi: ni embe la aina gani, na ndizi iliyoiva kiasi gani?

Chukua pera, tunda linalodharauliwa bila sababu. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C, ilhali chungwa la uzito huohuo lina kama 53. Jeupe na la waridi yote mawili yana vitamini hiyo kwa wingi. Kinachoyatofautisha hasa ni likopeni, ile rangi inayofanya nyanya na tikitimaji kuwa jekundu. Pera la waridi linayo, jeupe halina ya kutajika. Hata hivyo likopeni haigeuki kuwa vitamini A mwilini, kwa hiyo anayepata mapera meupe pekee asijione amepunjika.

Habari ya papai inakaribiana na hiyo. Katika papai la njano, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) hugeuza likopeni kuwa beta-karotini. Katika jekundu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo, ndiyo maana likopeni hujikusanya. Lakini beta-karotini, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A ya macho na kinga, imo katika yote mawili. Virutubishi hivi hufyonzwa vizuri vikiandamana na mafuta, basi kula papai na vipande vya parachichi au karanga chache.

Kwenye maembe, ganda hudanganya. Embe la aina ya Tommy Atkins huvutia kwa wekundu wake, lakini la aina ya Ataulfo, dogo na la njano, hulizidi mara kadhaa kwa vitamini C. Kinachosaidia kukisia ni rangi ya nyama: ikikolea uchungwa, kwa kawaida karotini ni nyingi. Kwa vitamini C rangi haisemi lolote, na pera jeupe ni ushahidi tosha. Ndizi nazo hufuata kanuni hiyo ya rangi na karotini. Ndizi ya Karat ya visiwa vya Mikronesia ina nyama ya rangi ya chungwa, na beta-karotini yake huziacha mbali sana ndizi za kawaida zenye nyama nyeupe.

Ndizi pia hubadilika kadiri inavyoiva. Ikiwa mbichi ina wanga sugu, ambao hausagwi kwenye utumbo mwembamba bali huwalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana. Ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huwa sukari. Mwenye kisukari hahitaji kuiacha kabisa. Achague isiyoiva kupita kiasi, ale kwa kipimo, na atafune matunda badala ya kuyakamua kuwa juisi, kwa sababu juisi hupoteza nyuzinyuzi na kupandisha sukari ya damu haraka.

Tahadhari moja nisingependa ipuuzwe. Balungi, liwe jeupe au jekundu, lina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli na za shinikizo la damu. Dawa hizo huweza kuzidi kwenye damu hadi kudhuru. Kuliacha saa chache kabla ya kumeza dawa hakutoshi, kwa kuwa athari yake huweza kudumu zaidi ya siku moja. Muulize mfamasia kuhusu dawa yako kwa jina.