Kongosho linaposhambuliwa na askari wa mwili: maswali na majibu

Kongosho lina kazi gani?

Limejilaza nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa insulini ya kudhibiti sukari, pamoja na vimeng'enya vya kusaga chakula: amilesi kwa wanga, lipesi kwa mafuta, tripsini kwa protini.

Vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama vinakaaje ndani ya nyama bila kuidhuru?

Hukaa vikiwa vimelala. Tripsini huanza kama tripsinojeni isiyo na makali, na huamshwa ikishafika utumbo mwembamba. Ikitokea kidogo imeamka mapema, kuna protini iitwayo SPINK1 inayoizima papo hapo. Ulinzi huo ukizidiwa, labda kwa sababu ya jiwe la nyongo lililoziba mrija au pombe nyingi, tripsini huwaamsha wenzake na kongosho hujisaga lenyewe. Mgonjwa hupata maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo, yanayopenya hadi mgongoni. Chembe nyeupe za damu huja baadaye, zikifuata uharibifu.

Na ile aina ya nadra, ambapo askari wa mwili ndio wanaoanza kulishambulia kongosho?

Hapo chembe za kinga ndizo zinazotangulia. Watafiti wa Japani waliipa jina la ugonjwa wa kinga mwaka 1995, na mwaka 2001 wenzao wa huko huko wakaonyesha kwamba wagonjwa wengi wana kingamwili ya IgG4 kwa wingi katika damu.

Iko ya namna mbili. Ya kwanza huwapata zaidi wanaume wa makamo na wazee: limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) na chembe zinazotengeneza IgG4 hujazana, kisha kovu husukwa ndani ya kongosho, nyuzi zikipishana kama ukili wa mkeka. Tezi za mate, figo na mirija ya nyongo navyo huweza kuguswa. Ya pili huwapata hata vijana. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, huvamia mirija ya kongosho, na baadhi ya wagonjwa wana vidonda vya utumbo mpana pia. IgG4 yao kwa kawaida haipandi.

Kwa nini hudhaniwa kuwa saratani?

Kwa sababu dalili zinafanana mno: macho ya manjano bila maumivu makali, mkojo mweusi, mwili kuwasha, kukonda. Wapo waliopasuliwa na kuondolewa kichwa cha kongosho, kisha maabara ikakuta hakuna saratani. Hilo linauma. Ndiyo maana naona ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari kabla ya upasuaji: "Je, tumeangalia kama ni ugonjwa wa kinga?" Kipimo cha IgG4 peke yake hakitoshi, maana hata kwa baadhi ya wenye saratani IgG4 hupanda. Picha ya CT, ambayo mara nyingi huonyesha kongosho lililonenepa kama soseji, na kipande kidogo cha nyama ya kongosho kilichopimwa maabara huongeza uhakika.

Hutibiwaje?

Kwa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki 2 hadi 4, ingawa aina ya kwanza hupenda kurudi. Tafadhali usiinunue dukani ukajitibu: hupandisha sukari, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na huweza kuchelewesha kugundua saratani ya kweli.

Baada ya matibabu choo changu kina mafuta na kinaelea. Kulikoni?

Huenda kovu limepunguza vimeng'enya. Mwambie daktari, kuna vidonge vya vimeng'enya, na humezwa pamoja na mlo, tangu tonge za mwanzo.