Je, wajua mwanamuziki wa jazz hupimwaje kabla ya kupewa makala katika kamusi elezo ya mtandaoni?

Buddy Bolden hakuacha hata sekunde moja ya sauti yake. Alizaliwa New Orleans mwaka 1877, akapiga korneti, ala inayofanana na tarumbeta, katika kumbi na bustani za mji huo hadi mwaka 1906, na mwaka uliofuata akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Jackson, Louisiana, ambako alikaa mpaka alipofariki mwaka 1931. Santuri ya kwanza ya jazz ilirekodiwa mwaka 1917, miaka kumi na moja baada ya korneti yake kunyamaza. Picha yake inayojulikana ni moja tu, nayo ni ya bendi nzima. Pamoja na hayo yote, Wikipedia ina makala yake, wala hakuna mhariri mwenye akili timamu anayefikiria kuifuta. Wakati huohuo wapo wapiga saksafoni walio hai, wenye albamu zinazosikika dunia nzima kwa kubofya mara moja, ambao huandikiwa makala leo na kukuta imefutwa kabla ya mwezi kuisha. Inakuwaje asiye na rekodi abaki, na mwenye rekodi aondolewe?

Inakuwa hivyo kwa sababu wahariri wa kamusi elezo hawampimi mpigaji. Wanapima yale ambayo watu wengine wamekwisha kuandika juu yake.

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Kila lugha hujitungia kanuni zake, lakini ile iliyokomaa zaidi ni ya Kiingereza, na matawi mengine huiazima kwa kiasi kikubwa. Inataka mtu awe ameandikwa kwa kina, katika vyanzo vinavyoaminika, na waandishi wasio na masilahi kwake. Kwa Kiswahili tumezoea kuliita jambo hilo umaarufu, neno ambalo kwa maoni yangu limepotosha wengi, kwa kuwa mtu anaweza kujulikana na mtaa mzima bila kuwa na mstari mmoja uliochapishwa, na mwingine akawa hajulikani hata na jirani zake ilhali ameandikiwa kitabu. Kustahiki lingekuwa neno la karibu zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kuwe na ugumu huo wakati mtandao hauna uhaba wa kurasa. Ni kweli kwamba nafasi si tatizo. Tatizo ni kwamba wahariri ni watu wa kujitolea, wengi wao wanatumia majina ya bandia, na hakuna anayeweza kumpigia simu mjane wa mwanamuziki ili ahakikishe kwamba kweli marehemu alipiga Paris mwaka fulani. Wakikosa maandishi ya watu wengine, wanabaki na maneno ya mwenyewe au ya shabiki wake. Mwaka 2005 ilidhihirika hatari ya hali hiyo, pale wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulipokaa mtandaoni kwa zaidi ya miezi minne ukiwa na uzushi uliomhusisha na mauaji ya akina Kennedy, bila mtu kuugundua. Tangu wakati huo masharti kuhusu wasifu wa watu walio hai yamekazwa sana.

Kwa wanamuziki kumewekwa pia dalili za haraka, ili wahariri wasilazimike kuanza upya kwa kila jina. Miongoni mwake ni kushinda au kuteuliwa kuwania tuzo kubwa kama Grammy, kushika moja ya nafasi tatu za kwanza katika shindano kubwa, kutoa albamu mbili au zaidi kupitia kampuni kubwa ya kurekodi au kampuni huru yenye heshima, kuingia katika chati ya taifa, au kuwa mwakilishi anayetambulika wa mtindo au wa muziki wa mji fulani. Dalili hizi hazimpi mtu haki ya makala. Zinasema tu kwamba, mtu akiwa na mojawapo, huenda vyanzo vipo na inafaa vitafutwe.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba aliyeitunga alikuwa akiwawazia zaidi wanamuziki wa pop na roki. Jazz haiuziki kwa wingi wa kuingia katika chati. Sehemu kubwa ya wapigaji wake siku hizi hurekodi kwa fedha zao wenyewe, na albamu ya namna hiyo, hata iwe nzuri kiasi gani, haihesabiwi sawa na iliyotolewa na Blue Note, kampuni iliyoanza mwaka 1939, au na ECM ya Munich, iliyoanza mwaka 1969. Zaidi ya hapo, jazz ni muziki wa kualikwa. Mpiga besi anaweza kufanya kazi miaka thelathini, akasikika katika albamu mia moja, na jina lake lisiwahi kuwekwa mbele ya jalada hata mara moja.

Hapo ndipo mijadala inapokuwa mirefu. Mtetezi husema, “Huyu amepiga na watu wakubwa,” naye mpinzani hujibu kwamba kustahiki hakuambukizwi: ukubwa wa kiongozi wa bendi haumhamii aliyesimama nyuma yake. Jibu hilo ni kali, lakini lina mantiki yake. Paul Chambers, aliyepiga besi katika Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, hahitaji kuegemea jina la Davis, kwa kuwa wachambuzi wamekwisha kuuchambua upigaji wake yeye mwenyewe na yumo katika kamusi za jazz zilizochapishwa. Mtu aliyekaa na kundi hilohilo kwa majuma mawili tu, akatajwa katika orodha ya wapigaji na si pengine popote, hana cha kuandikiwa zaidi ya sentensi moja, na sentensi moja huingia vizuri katika makala ya bendi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone vyanzo vinavyopekuliwa. Mpiga saksafoni ya teno, mwenye umri wa miaka arobaini na albamu tatu, ameandikiwa makala yenye marejeo manane chini yake. Mhariri anaanza kuyafungua moja baada ya jingine. La kwanza ni tovuti ya mwanamuziki mwenyewe. Inafaa kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa, lakini haisemi lolote kuhusu kustahiki kwake. La pili na la tatu ni kurasa za tovuti mbili tofauti, ila aya zake zinafanana neno kwa neno, na ukizilinganisha unagundua kwamba zote zimenakili tangazo la kampuni iliyotoa albamu. Hapo marejeo mawili yamegeuka kuwa moja, na hilo moja si la mtu huru. La nne ni maelezo yaliyochapishwa ndani ya jalada la albamu, yenye sifa tele na lugha ya kuvutia. Aliyeyaandika alilipwa na waliokuwa wakiiuza. La tano ni ratiba ya tamasha yenye jina lake na saa ya kupanda jukwaani. La sita ni Discogs, hazina kubwa ya taarifa za santuri, ambayo hata hivyo hujazwa na watumiaji wenyewe.

Yamebaki mawili. La saba ni mahojiano katika jarida, na hapa wahariri hugawanyika: majibu ni maneno ya mhusika, kwa hiyo hayahesabiwi, lakini mwandishi alitanguliza aya tatu za utangulizi wake mwenyewe akieleza nafasi ya mpigaji huyu katika muziki wa mji wake, na wengine hukubali kuzipa uzito aya hizo. La nane ni uchambuzi wa albamu ya pili katika DownBeat, jarida lililoanzishwa Chicago mwaka 1934, wenye jina la mchambuzi chini yake. Hilo halina ubishi. Marejeo manane yamechujwa yakabaki moja na nusu, na kanuni inataka vyanzo kadhaa bila kutaja idadi kamili. Mhariri makini haishii hapo. Kabla ya kupendekeza makala ifutwe anatakiwa atafute mwenyewe, pamoja na katika magazeti yaliyochapishwa kwa karatasi na kwa lugha nyingine, kwa kuwa chanzo hakilazimiki kuwa mtandaoni wala kuwa cha Kiingereza. Wengi, tuseme ukweli, hawafiki huko. Hutafuta kwa dakika tano na kuridhika.

Sasa tunaweza kumrudia Bolden. Hakupata tuzo, chati wala kampuni ya kurekodi, kwa hiyo dalili karibu zote za haraka zinampita. Lakini wanamuziki waliomsikia walipohojiwa uzeeni walimtaja tena na tena. Mpiga piano Jelly Roll Morton alirekodi mwaka 1939 wimbo wenye jina la Bolden, na mwaka 1978 mtafiti Donald Marquis akachapisha kitabu kizima kilichotokana na kupekua kumbukumbu za serikali na za mji wa New Orleans. Kitabu hicho kilikanusha pia mambo ambayo waandishi waliotangulia walikuwa wakiyarudia, yakiwemo kwamba Bolden alikuwa kinyozi na kwamba alihariri gazeti la umbeya. Mhariri wa kamusi elezo anapata humo kila anachohitaji: maisha, tarehe, ubishi wa wataalamu na hata makosa yaliyosahihishwa. Bila watu hao kukaa chini na kuandika, Bolden angekuwa fununu tu, na korneti yake isingemsaidia.

Msomaji wa Afrika Mashariki lazima atakuwa amekwisha kuwakumbuka wanajazz wa kwetu, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, bila kusahau OK Jazz ya Kongo iliyoanzishwa mwaka 1956. Muziki wao haukuwa ule wa New Orleans. Neno jazz kwetu lilimaanisha bendi ya dansi, yenye gitaa la solo, la ridhimu na la besi, saksafoni na tumba. Kipimo hakibadiliki kwa sababu hiyo, lakini mahali vyanzo vilipo panabadilika sana. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata jina akiwa na Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973 na kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, hana shida: ameandikwa na wanahabari na watafiti kwa miongo mingi. Vipi kuhusu aliyempigia ridhimu? Ushahidi wake umo katika kanda za redio, katika kumbukumbu za wazee, na katika kurasa za magazeti kama Ngurumo na Uhuru zilizohifadhiwa maktabani, ambazo huwezi kuzifikia kwa kutafuta jina mtandaoni. Tena hata ukizifikia, tangazo la kwamba bendi itapiga Jumamosi halihesabiwi, kwa kuwa ni tangazo. Unahitaji mwandishi aliyekaa ukumbini na kueleza alichokisikia.

Naona hapa kanuni inaonea, ingawa haikukusudia. Inadhani kwamba mwenye kustahiki ataandikwa tu, jambo ambalo ni kweli zaidi penye magazeti mengi na wachambuzi wanaolipwa. Dawa yake, hata hivyo, si kulegeza kipimo, maana makala isiyo na chanzo kuhusu mpiga ridhimu wa miaka ya 1960 itajazwa hadithi, kama zile za Bolden na kinyozi. Kinachohitajika ni watu wa kuandika kwanza, magazetini, majaridani na vyuoni. Kamusi elezo huja nyuma yao.

Ikitokea mtu anaamini makala haifai, huipendekeza kwa ufutaji, na katika Wikipedia ya Kiingereza mjadala huachwa wazi kwa kawaida siku saba. Kila mchangiaji hutoa rai yake, ibaki au ifutwe, pamoja na sababu. Mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa madaraka ya kufuta kurasa, anayeufunga mjadala hahesabu kura, bali huzipima hoja kwa kanuni, na ndiyo maana mashabiki ishirini waliofungua akaunti usiku huo ili waandike kwamba “jamaa ni mkali” hawawezi kumzidi mtu mmoja aliyeleta magazeti mawili. Maelewano yasipopatikana, makala hubaki. Katika Wikipedia ya Kiswahili wachangiaji ni wachache, na mjadala wa namna hiyo unaweza kuamuliwa na watu wawili au watatu wanaofahamiana.

Uamuzi wenyewe haufungi mlango. Mwezi Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa hoja kwamba marejeo yake hayatoshi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, na makala ikawekwa siku hiyohiyo.

Mpiga saksafoni wetu wa kubuni, mwenye marejeo yake moja na nusu, kwa kawaida hupewa suluhisho la kati: jina lake huelekezwa kwenye makala ya bendi anamopigia, na anayelitafuta huangukia hapo, kwenye aya inayosema alijiunga lini na kupiga katika albamu zipi. Maandishi ya awali hubaki katika historia ya ukurasa, chini ya elekezo hilo. Siku gazeti litakapomwandika kwa kina, mhariri yeyote anaweza kuyafungua na kuendelea pale mwenzake alipoishia.