Uvimbe wa tezi ya parathiroidi si ugonjwa adimu

Kuanzia Newala hadi Kilwa, mama mtu mzima akiumwa mifupa na kupata mawe ya figo kila mara, huambiwa ni uzee au maji ya chumvi ya kisimani. Yaweza kuwa adenoma, uvimbe usio saratani kwenye tezi ya parathiroidi. Pale ambapo kalsiamu ya damu hupimwa mara kwa mara, homoni ya tezi hii, ambayo kazi yake ni kupandisha kalsiamu hiyo, hukutwa imezidi kwa watu 1 hadi 7 kati ya 1,000, na kwa wengi wao, takriban 80 kati ya 100, chanzo ni adenoma moja. Wanawake ndio wengi, hasa baada ya kukoma hedhi.

Usiutafute kwa vidole kama goita. Tezi hizi nne zimejificha shingoni nyuma ya thairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Omba kalsiamu na homoni ya parathiroidi zipimwe siku moja. Mkanda wa kutolea damu ukibana mkono muda mrefu, kalsiamu hupanda kwa uongo. Kalsiamu ikiwa juu na homoni ikasoma “kawaida”, hapo bado kuna shida, maana ilipaswa kushuka. Na dagaa usiache: mlo ukikosa kalsiamu, homoni huzidi kupanda.