Maumivu juu ya kisigino: si kila mara ni kano

Ukiumwa nyuma ya mguu, juu ya kisigino, utaambiwa ni kano ya Akilesi, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Mara nyingi ni kweli. Lakini misuli ya shavu la mguu imezungukwa na utando mgumu, fasia, mfano wa soksi iliyobana, na huko chini utando huo hujishikiza kwenye kingo za kano. Ukichanika hapo, mgonjwa hueleza maumivu yale yale ya kano, kisha anapewa mazoezi yanayozidi kuuvuta.

Kwanza namwambia mgonjwa aniwekee kidole panapouma. Kano iliyochoka kwa kawaida huuma sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, na ukiibana pande zote mbili kwa vidole anashtuka. Fasia iliyochanika huuma juu zaidi, tena pembeni. Kukiwa na uvimbe, mwache apandishe na kushusha wayo: uvimbe wa ndani ya kano husogea nayo, ule wa kifuniko cha kano chenyewe, si fasia, hubaki palepale. Ukitaka uhakika piga altrasaundi, ila mwombe mpimaji apandishe kifaa hadi kwenye shavu. Akiishia karibu na kisigino ataandika kwamba kano ni nzima, na hatakuwa amekosea.

Matatizo haya mawili huweza pia kukaa pamoja. Sehemu ya nguvu ya misuli hupitia kwenye fasia, na tabaka hizi zinatakiwa kuteleza. Kovu likizigandisha, kila hatua inasugua kifuniko cha kano.

Kwa fasia, wiki 2 za mwanzo naweka kipande cha kuinua kisigino, milimita 10 hivi, ndani ya viatu vyote viwili. Kikiwa kimoja, nyonga italalamika. Hakuna kunyoosha shavu, hakuna kushusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi, na tafadhali, hakuna kuchua kwa nguvu na mafuta ya moto. Simama kwa vidole, sakafu tambarare, sekunde 45 mara 5, ukipumzika dakika 2 kila mara. Hilo likizoeleka, panda na kushuka mara 15, seti 3, siku moja ndiyo, moja hapana. Ukingo wa ngazi huja mwisho, na hapo ndipo kano nayo inapata mzigo inaouhitaji.

Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa zoezi nayavumilia. Asubuhi yake yakiwa yamepanda, punguza seti, usiache kabisa.

Ukisikia mlio kama umepigwa teke na huwezi kusimama kwa vidole, kano huenda imekatika. Shavu likivimba na kuwa la moto bila kujeruhiwa, huenda ni damu iliyoganda. Yote mawili ni ya hospitali siku hiyohiyo.